Mwenyeji wa Uvimbe: Historia ya Kupandikiza Saratani Katika Samaki Pundamilia

Miongoni mwa kazi ambazo elimu ya maradhi imezibuni ili kuyachungua mambo yasiyofikiwa na macho, hapana iliyo ngeni kwa mtu asiyeizoea kama hii ya kuuchukua uvimbe wa saratani katika kiwiliwili kimoja na kuutia, kwa makusudi, katika kiwiliwili kingine kilichokuwa kizima, kisha kuketi na kungoja litakalotokea. Mwenye kusikia habari hiyo kwa mara ya kwanza huona ukatili mtupu, nami simlaumu. Walakini bila ya kazi hiyo tabibu angeijua saratani kwa sura yake tu, jinsi ilivyokutwa juu ya meza ya upasuaji au ndani ya maiti, wala asingeweza kuifuata katika mwendo wake, kuzihesabu seli zake, au kujaribu dawa juu yake pasipo kumfanya mgonjwa mwenyewe kuwa uwanja wa majaribio. Nikiitazama historia ya kazi hiyo tangu ilipoanza kwa mbwa, ikapita kwa panya, hata ikamfikia samaki mdogo mwenye milia aishiye katika vijito vya Bara Hindi, naiona zaidi kuwa historia ya kumtafuta mwenyeji asiyemfukuza mgeni kuliko historia ya saratani yenyewe.

Aliyethubutu mapema, kwa kadiri ya habari zilizohifadhiwa, ni Bernard Peyrilhe, tabibu wa Ufaransa, ambaye katika miaka ya 1770 alichukua majimaji ya saratani ya titi la mwanamke akayatia chini ya ngozi ya mbwa. Inasimuliwa kwamba mbwa yule alilia mno hata mtumishi wa nyumbani akachoka na kelele, akamtosa majini, na jaribio likaishia hapo. Zaidi ya miaka mia ikapita. Mnamo 1876 daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky wa Petersburg, alitangaza kwamba amefaulu kuuhamisha uvimbe kutoka mbwa hadi mbwa, na kwamba uvimbe ule umeshika na kukua mahali papya. Huyo ndiye aliyeufungua mlango, ijapokuwa yamkini bahati ilimsaidia kuliko alivyojua, kwa kuwa wengi waliokuja baadaye waliuona uvimbe wake kuwa ule wa mbwa ambao kwa asili yake husafiri wenyewe wakati wa kupandana, bila ya kuhitaji kisu cha tabibu. Arthur Hanau alifanya mfano wa hayo kwa panya mwaka 1889, Henri Morau akafuata mjini Paris, na mwaka 1903 Carl Jensen wa Copenhagen, naye pia mtu wa mifugo, akaupitisha uvimbe mmoja wa panya mdogo kutoka mwenyeji hadi mwenyeji mara nyingi mfululizo, hata ukawa mali ya kudumu ya maabara, ukiishi muda mrefu baada ya mwenyewe wa kwanza kufa na kuoza.

Hapo ndipo ulipodhihiri mkasa ambao ungewashughulisha wataalamu kwa karne nzima. Panya wa ukoo aliokuwa akiufuga Jensen waliupokea uvimbe. Panya wa koo nyingine, wenye umbo lile lile na chakula kile kile, waliukataa, ukanywea na kutoweka kama kwamba haukuwahi kutiwa. Wengine walidhani kuwa wamegundua kinga ya saratani, na wakajaza majarida kwa furaha isiyokuwa na msingi. Waliolifumbua fumbo kwa utulivu ni Clarence Little na Ernest Tyzzer wa Marekani, ambao mwaka 1916 walieleza jinsi walivyouchukua uvimbe wa panya wachezao wa Kijapani, wakawachanganya panya hao na panya wa ukoo mwingine, wakaona kwamba chotara wa kizazi cha kwanza takriban wote waliupokea, ilhali wajukuu, isipokuwa wachache mno, waliukataa. Maana yake ni kwamba hukumu ya kukubali au kukataa haimo katika saratani. Imo katika nasaba ya mwenyeji, nayo imegawanyika katika jeni nyingi ambazo sharti zote zikutane ndipo mgeni apate makazi. Little akaishika njia hiyo mpaka mwisho wake: akazalisha panya ndugu kwa ndugu, kizazi juu ya kizazi, hata wakawa kana kwamba ni mapacha wote, na mwaka 1929 akaanzisha maabara ya Jackson katika mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine, ambayo mpaka leo huwauza panya wa namna hiyo ulimwenguni kote. Kwa panya hao ndipo Jacob Furth na Morton Kahn walipoweza, mwaka 1937, kuonyesha kwamba seli moja tu ya saratani ya damu, ikitiwa katika panya wa ukoo ule ule, yatosha kumletea maradhi na mauti.

Nasaba ilikuwa jawabu, lakini jawabu lenye mpaka, maana binadamu hazalishwi ndugu kwa ndugu, na uvimbe wa binadamu hauna ukoo miongoni mwa panya. Kwa hiyo ilibidi kumtafuta mwenyeji aliyezaliwa bila ya walinzi. Alipopatikana panya asiye na manyoya, ambaye kwa kasoro ya urithi hana tezi ya thimasi inayozilea seli za kinga, Jørgen Rygaard na Carl Povlsen wa Copenhagen walimtia uvimbe wa utumbo wa mgonjwa, na mwaka 1969 wakatangaza kuwa umekua.

Sasa nigeukie maji.

Samaki huyu tunayemwita pundamilia kwa ajili ya milia yake ya buluu iliyokolea, iliyopita ubavuni tangu kichwani hata mkiani, aliandikwa kwa mara ya kwanza katika elimu ya Ulaya na Francis Hamilton, tabibu wa Kiskochi aliyeitumikia Kampuni ya Mashariki ya India, katika kitabu chake cha 1822 juu ya samaki wa mto Ganges na matawi yake. Urefu wake haufiki kidole cha mtu mzima. Kwa zaidi ya miaka mia hakuwa na sifa nyingine ila ya kupamba matangi ya kioo majumbani, kwa kuwa ni mvumilivu, huzaa sana, na hauzwi ghali. Wakati huo heshima ya saratani ya samaki ilikuwa ya wengine: katika miaka ya 1920 Myron Gordon huko Marekani na Curt Kosswig huko Ujerumani walikuwa wakiwachanganya samaki wa mito ya Mexico, mmoja mwenye madoa meusi na mwingine mwenye mkia kama upanga, wakaona chotara wao wakiota melanoma, yaani saratani ya seli zinazotoa rangi ya ngozi, bila ya kupewa sumu yoyote, jambo lililokuwa miongoni mwa dalili za mwanzo kwamba saratani yaweza kurithiwa katika damu ya wazazi wawili wazima. Na mnamo 1960 samaki aina ya trauti waliokuwa wakifugwa Marekani walizuka na uvimbe wa ini kwa wingi wa kutisha, na uchunguzi ukafikia kwamba chakula chao kilikuwa na sumukuvu, ile ile ambayo wakulima wetu wa mahindi na karanga wanaijua kwa hasara zake.

Ndipo Mearl Stanton wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani alipomkumbuka samaki wa mapambo. Mwaka 1965 alieleza jinsi alivyomweka pundamilia katika maji yaliyotiwa kemikali iitwayo dayethilinaitrosamini, na ini la samaki likaharibika, hatimaye likafanya saratani. Miaka kumi baadaye G. B. Pliss na V. V. Khudoley, katika mji ule ule wa Novinsky ambao wakati huo uliitwa Leningrad, walitangaza uchunguzi wa namna hiyo juu ya samaki wa matangi. Kazi hizo zilisomwa na wachache. Kupandikiza kulikuwa bado, kwa sababu ile ile iliyomsumbua Jensen: pundamilia wa dukani ni watu wa mataifa mbalimbali, na kila mmoja humkataa mgeni.

Mtu aliyeondoa kizuizi hicho hakuwa akifikiri habari za saratani hata kidogo. George Streisinger alizaliwa Budapest mwaka 1927 katika nyumba ya Kiyahudi, akaletwa Marekani utotoni kabla ya balaa la vita kuwafika ndugu zake wa Ulaya, akajifunza urithi kwa kuchunguza virusi vinavyoshambulia bakteria, na mwaka 1960 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Oregon, katika mji wa Eugene. Alitamani mnyama mwenye uti wa mgongo ambaye urithi wake ungechunguzwa kwa urahisi kama wa virusi, na kwa kuwa alikuwa mpenda samaki tangu zamani, akamchagua pundamilia: yai lake hutungwa nje ya mama, mwana wake huonekana wazi ndani ya ganda, moyo hupiga katika muda wa siku moja, na baada ya miezi mitatu au minne mwana amekuwa mzazi. Miaka ikapita akiwa na machache ya kuchapisha, jambo ambalo katika vyuo vya leo sidhani kama lingevumiliwa. Mwaka 1981 jarida la Nature likatoa matokeo yake. Alikuwa ameyapiga manii ya samaki mionzi ya urujuanimno mpaka urithi wa baba ukafa, yakabaki na nguvu ya kuliamsha yai tu. Kisha yai lile lenye urithi wa mama peke yake akalipa joto la ghafula, au akalibana kwa shinikizo la maji, hata kromosomu zikajirudufu bila ya yai kugawanyika. Aliyezaliwa hivyo alikuwa na mzazi mmoja, na jeni zake zote zikawa jozi za namna moja; na mayai yake huyo, yakifanyiwa vivyo hivyo, yalitoa jamaa nzima ya samaki wasiotafautiana kwa lolote la urithi. Yale ambayo kwa panya wa Little yalihitaji vizazi ishirini vya kuoana ndugu, Streisinger aliyatimiza kwa viwili. Alifariki mwaka 1984, kabla ya kuona samaki wake akienea. Wenzake wa Eugene waliiendeleza kazi hiyo kwa ukarimu wa kumgawia mbegu na maarifa kila aliyeomba, na Desemba 1996 jarida la Development lilitoa toleo zima lenye makala 37, nyingi zake za makundi ya Tübingen na Boston, juu ya maelfu ya samaki wenye kasoro za urithi. Tangu siku hiyo hapana aliyemwita tena samaki wa mapambo.

Nyuzi mbili, ya Stanton na ya Streisinger, zilikutana mwaka 2006 mikononi mwa Igor Mizgireuv, aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Khudoley, na mwenzake Sergei Revskoy. Waliwachukua samaki wa jamaa zilizorudufiwa, wakawatia kemikali ya Stanton, na uvimbe uliotokea wakauhamisha kwa ndugu zao: ulishika, ukahamishwa tena na tena, bila ya mwenyeji kudhoofishwa kwa namna yoyote. Kazi hii haitajwi mara nyingi kama nyingine nitakazozieleza, nami naona imedhulumiwa, maana humo uvimbe na kinga kamili ya mwili viliachwa vikabiliane kwa haki.

Iliyopata sifa ni njia ya mkato. Mwaka 2003 David Langenau, akiwa Boston pamoja na Thomas Look na Leonard Zon, alitengeneza samaki ambao katika seli zao changa za kinga ilitiwa jeni ya saratani iitwayo Myc, ikiunganishwa na ile protini ya yavuyavu inayong'aa kijani. (Myc ni jeni tunayohusiana nayo kwa karibu: ndiyo inayopotoshwa katika uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutoka hospitali ya Mulago, Kampala.) Samaki wale waliota saratani ya damu ikianzia katika thimasi, karibu na matamvua, na kwa kuwa kila seli mbovu iling'aa, mtu aliweza kuifuata kwa hadubini kutoka tezini hadi katika misuli na nyuma ya macho. Ilipofika kuihamisha, walinzi wa mwenyeji waliuawa kwanza kwa mionzi ya gama, kwa kipimo cha kuwanyamazisha kwa majuma machache bila ya kumuua samaki; seli zikadungwa tumboni, na mng'ao wa kijani ukatoa habari ya mgeni kupata makao. Ni njia yenye haraka, lakini walinzi hurudi, na wakirudi huanza kufukuza.

Njia nyingine ilikuwa ya kumwendea mwenyeji kabla hajajifunza kukataa. Kinga ya pundamilia inayotambua na kukumbuka adui haikomai mpaka afikie umri wa wiki nne hadi sita, na kiinitete cha siku mbili humpokea hata mgeni wa taifa la mbali kabisa. Mwaka 2005 Lisa Lee, Mary Hendrix na wenzao walizitia seli za melanoma ya binadamu ndani ya viinitete vilivyokuwa bado ni tonge la seli zisizokuwa na umbo. Seli zile ziliishi, zikagawanyika, zikatembea pamoja na mwili uliokuwa ukijengeka, lakini uvimbe haukufanyika. Wengine wakasogeza saa mbele, wakangoja kiinitete kipate moyo na mishipa, ndipo wakadunga: katika kiini cha yai, au katika nafasi nyembamba iliyo baina ya kiini na ngozi, na hapo uvimbe ukafanyika kweli, ukaivuta mishipa ya damu ya samaki ije kuulisha.

Kazi yenyewe ni ya mikono mitulivu. Mrija wa kioo huyeyushwa katikati na kuvutwa mpaka ncha yake inakuwa nyembamba kuliko unywele. Seli, ambazo kwanza zimepakwa rangi inayong'aa, hutiwa ndani yake. Kiinitete kilicholazwa kwa dawa ya usingizi hupangwa ubavu juu ya tonge la jeli. Na kwa msukumo mdogo wa hewa huingizwa seli mia kadhaa, tone lisiloonekana kwa jicho tupu. Fundi aliyezoea huwadunga mamia kwa siku, jambo lisilowezekana kabisa kwa panya. Joto ndilo taabu: samaki hupenda nyuzi 28, saratani ya binadamu imezoea 37, na wote wawili huwekwa katika suluhu ya 34 hivi, ambayo hakuna aliyeridhika nayo. Tena sheria imesaidia kuieneza njia hii, kwa kuwa amri ya Umoja wa Ulaya ya 2010 juu ya wanyama wa majaribio haimwingizi samaki mchanga katika hesabu mpaka aanze kujitafutia chakula, na anayemaliza kazi yake kabla ya siku ya 5 hupungukiwa na karatasi nyingi za kujaza. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya wote. Nasema ni sababu ambayo haiandikwi katika utangulizi wa makala.

Fadhila ambayo samaki anayo, na panya hana wala hataipata, ni kuonekana. Lakini pundamilia akikua huvaa milia na mng'aro wa fedha, na uwazi wa utotoni hutoweka. Mwaka 2008 Richard White, katika maabara ya Zon, alizaa samaki kutokana na wazazi wa namna mbili, mmoja asiye na seli nyeusi na mwingine asiye na seli za mng'aro, akapata samaki mzima ambaye moyo, ini na mayai yake huonekana kupitia ngozi. Wakampa jina la Casper, mzuka wa katuni za watoto wa Marekani. Melanoma iliyopandikizwa ndani yake ilifuatwa siku kwa siku ikihama kutoka mahali ilipotiwa kwenda kwingine, tena katika samaki yule yule aliye hai, ilhali kwa panya mara nyingi humlazimu mtafiti kumuua mmoja kila siku ili ajue saratani imefika wapi, na bado asijue ingefika wapi kwa yule aliyemuua jana.

Kisha samaki akapitishwa upesi katika njia ile ile aliyoipita panya. Mwaka 2010 kundi la Langenau lilirudia kwa samaki swali la Furth na Kahn, likidunga seli za saratani ya damu kwa hesabu zilizopunguzwa hatua kwa hatua katika samaki wa jamaa moja, ili kujua ni ngapi kati yake zenye uwezo wa kuanzisha maradhi upya, na jawabu likawa kwamba zenye uwezo huo ni nyingi. Mwaka 2014 akatolewa pundamilia mwenye kasoro ya jeni rag2, dhaifu wa kinga. Na mwaka 2019 kundi hilo hilo likatangaza samaki aliyekosa jeni mbili kwa pamoja, mwangavu kama Casper, ambaye baada ya kuzoezwa polepole huishi katika maji ya nyuzi 37. Uvimbe wa binadamu ulikua ndani ya mwili wake akiwa mzima, ukapewa dawa mbili, olaparib na temozolomide, kwa ajili ya saratani ya misuli inayowapata watoto, na watafiti wakaona seli moja moja zikishindwa.

Huko Lisbon, katika kituo cha Champalimaud, Rita Fior na Miguel Godinho Ferreira walikuwa wamechagua kubaki na viinitete, kwa kuwa walichotaka ni wakati. Mwaka 2017 walieleza jinsi walivyochukua vipande vya saratani ya utumbo vilivyotolewa kwa wagonjwa, wakavigawa katika samaki wachanga, wakawapa dawa zile zile walizopewa wagonjwa, na katika siku 4 wakawa na jawabu ambalo kwa panya lingechukua miezi. Tangu hapo wameendelea kulipima jawabu hilo la samaki dhidi ya yaliyomfika mgonjwa. Nalipenda jaribio hilo kwa unyenyekevu wake, kwa sababu linakubali kuhukumiwa na hospitali. Wala lisitiwe chumvi: samaki hana titi, hana pafu, hana tezi dume, na saratani iliyozaliwa katika viungo hivyo hukaa ndani yake pasipo majirani wake wa asili.

Na tena kuna hili, ambalo limewarudisha watafiti nyuma kuliko walivyotazamia. Dawa za saratani zilizoleta gumzo kubwa katika miaka hii ni zile zinazoiamsha kinga ya mgonjwa mwenyewe ili imtambue adui aliyejificha, na dawa ya namna hiyo haina la kuamsha katika kiinitete ambacho kinga yake haijakomaa, wala katika samaki aliyepigwa mionzi, wala katika yule aliyezaliwa bila ya walinzi. Mwenyeji anayefaa kwa swali hilo ni yule mwenye walinzi wake wote, ambaye hata hivyo huupokea uvimbe kwa kuwa ni wa ukoo wake. Na kwa haja hiyo jamaa za samaki waliorudufiwa kwa njia ya Streisinger bado zinafugwa, mama mmoja kwa mamia ya mabinti wasiotafautiana.